Bahari Hulindwa na Waijuao: Funzo Kutoka Pwani ya Australia

Mwaka 1944, vita vikuu vya pili vikiwa bado vimepamba moto, askari mmoja wa jeshi la anga la Australia aliyewekwa katika visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa ya nchi hiyo, aliokota sarafu tisa mchangani. Alizitia koponi akazihifadhi kwa miaka mingi. Ilikuwa mwaka 1979 ndipo alipozipeleka kwa wajuzi zitambuliwe. Nne zilikuwa za Kiholanzi. Tano zilikuwa za shaba, nazo zilipigwa Kilwa, enzi za masultani wake.

Namna sarafu hizo zilivyofika huko haijathibitishwa hadi leo, na sisi katika safu hii hatudai kuwa wazee wetu walikita nanga Australia kabla ya Wazungu. Yatosha kusema kuwa maji yanayopiga Kilwa Kisiwani, Mafia, Unguja, Pemba na Lamu yameungana na maji yanayopiga pwani ya Australia. Pepo za misimu ni jamaa moja. Matumbawe, kasa, nguva na majongoo ya bahari ni wa ukoo mmoja. Kwa hiyo yaliyowapata watu wa pwani ile, ya heri na ya shari, si hadithi ya ugenini kwetu sisi tuishio visiwani.

Leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, wavuvi na mabaharia kwa upande mmoja, na watumishi wa Serikali kwa upande mwingine, yale tuyaonayo kuwa ni funzo kubwa la pwani hiyo. Funzo lenyewe ni hili: bahari hulindwa na watu waijuao, na elimu ya bahari isipofundishwa na kusikilizwa, sheria huwa ni karatasi tu. Australia haikulipata funzo hilo kwa urahisi. Ililipata kwa vyombo kuvunjika, kwa mashauri ya mahakamani na kwa hasara isiyokwisha mpaka sasa.

KASA KUMI NA WAWILI

Usiku wa tarehe 11 Juni, 1770, merikebu ya Kiingereza iitwayo Endeavour, chini ya nahodha James Cook, ilipanda mwamba katika pwani ya mashariki ya Australia. Balaa iliwakuta maji yakiwa yamejaa, jambo ambalo kila baharia ajua maana yake: yakipwa, chombo hukaa juu ya jiwe kama mgonjwa kitandani. Mabaharia walitosa baharini mizinga sita, mawe ya farumi na vitu vingine vizito. Maji yalipojaa tena usiku wa pili merikebu ikaelea, ikiwa imetoboka. Wakatwaa tanga, wakalipaka nyuzi za kamba kuukuu na sufi ya kondoo, wakalipitisha chini ya chombo lizibe tundu. Hatimaye walipata mto wa kujihifadhi, na hapo wakakaa takriban wiki saba wakitengeneza.

Mto huo ulikuwa na wenyewe. Walikuwa ni watu wa Guugu Yimithirr, ambao katika lugha yao ndimo lilimotoka neno kangaruu. Kwa siku kadhaa wageni na wenyeji walikutana kwa amani. Kisha, mnamo tarehe 19 Julai, wenyeji walipanda merikebuni wakaona kasa kumi na wawili wamelazwa sitahani. Waliomba wapewe mmoja. Wakanyimwa. Walijaribu kumkokota wenyewe, wakazuiwa. Waliteremka pwani kwa hasira wakatia moto majani yaliyoizunguka kambi ya mabaharia, na Cook akapiga bunduki, akajeruhi mtu mmoja.

Vita havikuendelea. Mzee mmoja alijitokeza akiwa na mkuki usio na ncha, akasema maneno ambayo wageni hawakuyaelewa, lakini ishara waliielewa. Silaha zikawekwa chini, nao wakapatana. Watu wa Guugu Yimithirr hueleza kuwa mahali hapo palikuwa ni pahali pa suluhu, ambapo damu haikuruhusiwa kumwagwa, na kwamba wageni walikosa kwa kuchukua kasa wengi pasipo ruhusa wala kugawa.

Twaomba msomaji alitafakari jambo hilo. Waingereza walikuwa na dira, ramani na darubini. Wenyeji walikuwa na sheria ya nani avue, wapi, na kiasi gani. Elimu zote mbili zilikuwa ni elimu za bahari. Moja iliandikwa vitabuni na kuheshimiwa. Nyingine ilichukuliwa kuwa si kitu. Tutaona jinsi kosa hilo lilivyogharimu.

PEPO, MAJONGOO NA UKWAJU

Wazungu hawakuwa wa kwanza kufanya biashara na pwani ile. Kwa muda mrefu mabaharia wa Makassar, katika Indonesia ya leo, walikuwa wakienda kaskazini ya Australia kila mwaka. Pepo za kaskazini-magharibi ziliwachukua mwezi wa Desemba, na pepo za kusini-mashariki ziliwarudisha ifikapo Aprili, kama ambavyo majahazi ya bahari yetu yalikuja kwa kaskazi na kurejea kwa kusi. Walichofuata ni majongoo ya bahari. Waliyachemsha katika masufuria makubwa, wakayafukia mchangani, wakayakausha kwa moshi, na bidhaa hiyo ikaishia katika vyakula vya Wachina. Wavuvi wetu waijuao biashara hiyo hawatahitaji kuelezwa zaidi.

Mwezi Februari 1803 Matthew Flinders, akiwa katika safari ya kuizunguka Australia kwa merikebu ya Investigator, alikutana na vyombo sita vya Makassar, mkuu wao akiitwa Pobassoo. Mzee huyo alimweleza kuwa vyombo vilivyokuwa katika pwani ile msimu huo vilifikia 60, vyenye watu 1,000. Katika merikebu ya Flinders mwenyewe alikuwamo Bungaree, mtu wa kabila la wenyeji kutoka jirani ya Sydney, ambaye mara nyingi ndiye aliyetangulia pwani kuzungumza na watu kabla ya Waingereza kushuka. Kwa hivyo mzaliwa wa kwanza wa Australia anayejulikana kuwa aliizunguka nchi hiyo kwa chombo alikuwa ni mwenyeji.

Flinders alirejea Sydney merikebu yake ikiwa imeoza mbao. Alipoondoka tena kama abiria mwezi Agosti mwaka ule ule, chombo alichopanda kilivunjikia mwambani, mbali na nchi kavu. Alitwaa mashua ndogo ya makasia, akasafiri nayo zaidi ya maili 700 za bahari hadi Sydney, kisha akarudi na vyombo vya kuwaokoa wenzake waliokuwa wakingoja juu ya fungu la mchanga. Safari yake ya kwenda kwao Uingereza ilimkatikia Mauritius, katika Bahari yetu ya Hindi, ambako Wafaransa walimzuilia kwa zaidi ya miaka sita.

Lakini turudi kwa watu wa Makassar. Hawakuwa malaika, na ugomvi baina yao na wenyeji ulitokea. Hata hivyo aghalabu waliafikiana, kwa kuwa walijua kuwa wao ni wageni wa msimu. Waliacha mikwaju ambayo bado imesimama katika pwani ya Arnhem. Waliacha maneno katika lugha za Wayolngu, wenyeji wa pwani hiyo. Fedha huko huitwa rrupiya, neno ambalo babu zetu wangelitambua mara moja. Serikali ya kikoloni iliyokuwa Adelaide, mbali sana na maji hayo, ilianza kwa kuwatoza ushuru, na mwaka 1906 ikaamua kutotoa leseni tena. Mwaka 1907 chombo cha mwisho kiliondoka. Wenyeji hawakuulizwa. Udugu wa bahari uliodumu kwa vizazi ulikatwa kwa amri ya ofisini, na kumbukumbu yake ikabaki katika nyimbo na michoro. Mwaka 1988 jahazi lililoundwa kwa ufundi wa kale, Hati Marege, lilisafiri tena kutoka Makassar hadi Arnhem, nalo likapokewa na wajukuu wa wale waliokuwa wakiwapokea mababu.

WATU WA TAGAI

Baina ya ncha ya kaskazini-mashariki ya Australia na Papua Guinea Mpya upo Mlango wa Torres, wenye upana wa kilomita kama 150 na visiwa zaidi ya 270, ambavyo vichache tu vinakaliwa. Hawa ni watu wa visiwani kama sisi. Mtoto wao husoma mbinguni kabla ya kusoma kitabuni. Huonyeshwa nahodha Tagai, aliye kundi kubwa la nyota, amesimama ngalawani. Mkono wake wa kushoto ni nyota za Msalaba wa Kusini. Husimuliwa jinsi mabaharia wake kumi na wawili walivyokula akiba ya safari bila ruhusa, akawatosa baharini, nao sasa ni makundi mawili ya nyota, mojawapo likiwa ni lile tuliitalo Kilimia. Nyota hizo zinapozama na kuzuka humjulisha mtu majira ya kusafiri, ya kupanda na ya mvua. Hadithi moja imebeba kalenda, dira na onyo juu ya mlafi. Shule ya Serikali inayohudumia visiwa hivyo imepewa jina la Tagai, na sisi twaona kuwa jina hilo limechaguliwa kwa busara.

Historia ya watu hawa ina somo kwa kila mwenye kushika muhuri. Katika miaka ya 1930 walikuwa na vyombo vya kuzamia chaza, lakini ofisa wa Serikali ndiye aliyeshika mishahara yao, aliyeamua nani awe baharia na nani asiwe, na aliyewawekea saa ya kulala. Mwezi Januari 1936 mabaharia walikataa kupanda vyomboni. Mgomo ulidumu miezi minne hivi katika visiwa vingi. Mwaka 1937 wawakilishi wa visiwa walikutanishwa kwa mara ya kwanza, na mwaka 1939 ikatungwa sheria iliyoyapa nguvu mabaraza yao. Mengi yaliyotakiwa hayakupatikana, lakini Serikali ilikwisha tambua kuwa chombo hakiendi kwa amri ya mtu aliye nchi kavu.

Mwaka huo huo wa mgomo, katika kisiwa cha Mer, alizaliwa Eddie Koiki Mabo. Alipokuwa mtunza bustani katika Chuo Kikuu cha James Cook, Townsville, waalimu wa historia walimweleza kuwa, kwa mujibu wa sheria ya wakati ule, ardhi ya wazee wake ilikuwa ni mali ya Taji la Uingereza. Hakuamini. Kwao, kila shamba lilikuwa na mpaka na kila uzio wa mawe wa kunasia samaki ulikuwa na mwenyewe, na sheria ya Malo ilimkataza mtu kugusa kisichokuwa chake. Kesi yake ilichukua miaka kumi. Yeye alifariki Januari 1992, na tarehe 3 Juni mwaka huo Mahakama Kuu ya Australia, kwa majaji sita dhidi ya mmoja, ikaamua kuwa haki ya watu wa Mer ilikuwapo kabla ya Waingereza na haikufa kwa kuja kwao. Mwaka 2013 mahakama hiyo hiyo ikatambua kuwa watu wa visiwa wana haki ya kuchuma mali ya bahari yao kwa kula na hata kwa kuuza, ingawa leseni na kanuni za uvuvi ziliendelea kuwahusu.

Hatuna budi kutaja pia mkataba wa mwaka 1978 baina ya Australia na Papua Guinea Mpya, ulioanza kutumika mwaka 1985. Mpaka wa dola mbili ulichorwa, lakini wenyeji wa pande zote mbili wakaachiwa kuvuka kwa uvuvi, harusi na mazishi kama walivyozoea. Wenye kuchora mipaka baharini waupime mfano huo.

WANAFUNZI WALIOZAMIA

Sasa twaja kwenye mwamba wenyewe, uitwao Great Barrier Reef. Urefu wake ni kilomita zipatazo 2,300, nao si mwamba mmoja bali ni karibu miamba 3,000. Humo mna zaidi ya aina 1,500 za samaki, na kati ya aina saba za kasa waliopo duniani, sita huonekana huko.

Mwaka 1967 mkulima mmoja wa miwa aliomba kibali cha kuchimba mawe ya mwamba mmojawapo, Ellison, ili yasagwe yawe chokaa ya mashamba. Hoja yake ilikuwa nyepesi: mwamba ule umekwisha kufa, basi hasara iko wapi? Nasi wa visiwani hatuwezi kujifanya hatuijui chokaa ya matumbawe, maana majumba ya miji yetu ya kale yalijengwa kwayo. Lakini John Büsst, mchoraji aliyeishi pwani ya pale, hakukubali. Alishirikiana na Judith Wright, mshairi, na Len Webb, mtaalamu wa misitu. Wenye vyeo wengi hawakutaka kujitia katika shauri hilo. Ndipo walipotafutwa vijana wa chuo kikuu waliojua kuzamia.

Vijana wale walizama wakahesabu. Walikuta samaki wa aina tele, makombe, na matumbawe hai ya aina kadha wa kadha. Walitoa ushahidi wao barazani, na ombi la kuchimba likakataliwa. Ushindi ule ulipatikana kwa sababu mtu alishuka majini akatazama. Mwamba ulioitwa maiti na watu wasiopata kuuona ulikuwa unapumua.

Kisha likaja jambo kubwa zaidi. Serikali ya jimbo la Queensland ilikuwa imeyaachia makampuni sehemu kubwa ya mwamba ili yatafute mafuta. Mwezi Machi 1970 meli ya mafuta, Oceanic Grandeur, iligonga mwamba katika Mlango wa Torres na mafuta yakamwagika. Watu waliokuwa wakisitasita walifumbuka macho. Vyama vya wafanyakazi vikakataa kuhudumia kazi ya uchimbaji, tume ikaundwa, na mwaka 1975 Bunge la Australia likatunga sheria ya hifadhi ya bahari ya mwamba huo. Mwaka 1981 ukatiwa katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2004 sehemu ambayo haivuliwi kabisa iliongezwa kutoka chini ya asilimia 5 ya hifadhi hadi asilimia 33. Wavuvi wengi walinung'unika, na wengine walilipwa fidia.

Elimu nayo iliendelea kuzaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti vijana wa Townsville waligundua kuwa matumbawe ya aina nyingi hutaga kwa pamoja, usiku, siku chache baada ya mwezi mpevu wa majira ya joto kuanza. Bahari hujaa chembe za rangi kama mvua inayonyesha kwenda juu. Jambo lililokuwa likitokea kila mwaka tangu zama za zama lilikuwa halijaandikwa na mtaalamu yeyote, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ameingia majini usiku ule akiwa na taa.

MICHORO MAHAKAMANI

Mwaka 1996, katika ghuba ya Blue Mud Bay, Wayolngu walikikuta kichwa cha mamba kilichokatwa kikiwa kimetupwa katika kambi ya wavuvi waliokuwa wameingia bila ruhusa. Kwao mamba ni mhenga, na mahali pale ni patakatifu. Wangeweza kulipiza kwa nguvu. Walichofanya ni kuandaa maganda ya miti. Wasanii 47 walichora michoro 80 juu ya magome, kila mmoja akionyesha maji ya ukoo wake, mikondo yake, samaki wake na mpaka wake. Michoro hiyo ilitembezwa mijini ili kuwafundisha watu wa Australia kuwa bahari nayo ina sheria na wenyewe, na hatimaye ikawekwa katika jumba la makumbusho ya ubaharia, Sydney.

Shauri lao lilifika Mahakama Kuu. Tarehe 30 Julai, 2008, ikaamuliwa kuwa maji yanayofunika ardhi yao wakati wa kujaa ni sehemu ya milki yao, na avuaye hapo sharti apate idhini yao. Uamuzi huo ulihusu kiasi cha asilimia 80 ya pwani ya Northern Territory. Elimu iliyodharauliwa siku ya kasa kumi na wawili ilipokewa mahakamani baada ya miaka 238.

HATARI ISIYOPIGWA UZIO

Tusingependa msomaji adhani kuwa hadithi hii imekwisha kwa heri. Tumbawe ni mnyama mdogo sana, na ndani ya mwili wake huishi mwani mdogo zaidi unaompa chakula na rangi. Maji yakizidi joto kwa wiki kadhaa, tumbawe huutoa mwani huo, likapauka. Joto lisipopungua, hufa kwa njaa. Great Barrier Reef ulipauka kwa wingi mwaka 1998, mwaka ambao miamba yetu ya Afrika Mashariki nayo iliungua vivyo hivyo. Ukapauka tena 2002, 2016, 2017, 2020, 2022 na 2024. Mwaka 2016 peke yake takriban asilimia 29 ya matumbawe ya maji madogo yalikufa.

Katika kisiwa kidogo cha Raine, ambako kasa wa kijani wengi kuliko mahali pengine popote hupanda kutaga, maji yalikuwa yakifurika mashimo na mayai yakioza. Serikali na wenyeji walishirikiana kuuinua mchanga kwa mashine. Lakini mchanga wenye joto huzaa majike, na utafiti uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kuwa kati ya kasa wachanga wa upande huo wa kaskazini, asilimia 99 walikuwa majike. Uzio wa hifadhi humzuia mvuvi. Haulizuii joto linalotokana na moshi wa viwanda na magari ya dunia nzima, ukiwamo wa makaa ya mawe ambayo Australia yenyewe huyauza kwa wingi. Hapo ndipo nchi hiyo inapolazimika kujiuliza kama somo lake lenyewe imelielewa.

SAMAKI MKUNJE ANGALI MBICHI

Pamoja na hayo, yapo mambo ya kuigwa. Tangu mwaka 2003 mamia ya shule za Queensland yamejiunga na mpango wa shule walinzi wa mwamba, ambamo watoto hufuatilia maji machafu kutoka uani mwa shule mpaka baharini. Mwaka 1988 Uingereza iliizawadia Australia merikebu ya matanga, Young Endeavour, ili vijana wa miaka 16 hadi 23 wafundishwe ubaharia. Kijana aliyepanda mlingoti usiku wa upepo hurejea akiwa mtu mwingine, na bahari haiwi kwake tena picha ya ukutani.

La maana zaidi ni mapatano ya mwaka 2005 baina ya Serikali na jumuiya ya makabila ya Girringun, wenye makao Cardwell. Wenyeji wana haki ya asili ya kuwinda nguva na kasa. Wao wenyewe, wakiwa wameketi na wataalamu, waliamua kuacha kuwinda nguva na kujiwekea kikomo cha kasa, na Serikali ikaupa uamuzi wao nguvu ya kisheria. Ofisa hakuja na katazo mkononi. Alikuja na swali. Katika bahari yetu, ambako nguva amekuwa ni mnyama wa kusimuliwa kuliko wa kuonwa, tungefurahi mno kama swali hilo lingeulizwa mapema zaidi.

Hatusemi kuwa kwetu hakuna lililofanyika. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995. Mwamba wa Chumbe, Unguja, ulitengwa mwaka 1994, na watoto wa shule huchukuliwa kwenda kuutazama kwa macho yao. Lakini wapo watoto wengi wa visiwani wanaokula samaki wa mwamba tangu kuachishwa ziwa bila ya kuwahi kuuona mwamba wenyewe. Wapo wazee wajuao kila mkondo, kila mwezi wa bamvua na kila jina la nyota, ambao hawajapata hata siku moja kualikwa darasani. Na baruti iliyopigwa katika miamba yetu kwa miaka mingi ilipigwa na watu waliozaliwa pwani, waliokuwa na ngalawa lakini hawakuwa na elimu ya kile walichokuwa wakikivunja, au hawakuona kuwa ni chao.

Kwa ndugu zetu wavuvi twasema: mwenye kutaka sauti juu ya bahari hana budi kuweza kuieleza. Mabo alieleza mipaka ya nyuzio, Wayolngu wakachora mikondo, na ndivyo walivyosikilizwa. Hesabuni mnachovua, wafundisheni watoto majina, na msimwachie mpiga baruti ajiite mvuvi. Kwa watumishi wa Serikali twasema: kabla ya kufunga eneo la uvuvi, kaeni chini ya mwembe na wanaolivua; kila shule iliyo kando ya bahari iwe na siku yake ya maji kupwa, na mwalimu wa siku hiyo awe nahodha mzee; na kabla ya kutia saini kibali chochote juu ya mwamba, apatikane mtu wa kuzama na kutazama.

Mwamba wa Ellison ulinusurika kwa sababu vijana waliojua kuogelea waliaminiwa kuliko maneno ya nchi kavu. Vijana wa namna hiyo hawanunuliwi siku ya shauri. Hulelewa miaka kumi kabla.